Kavediloli kwa moyo ulioshindwa: dozi imepandishwa, miguu imevimba tena. Niiache?

TabibuWaBaridi (kituo cha afya, Njombe vijijini)

Kamwene wakuu. Naomba mawazo ya walio karibu na wagonjwa wa moyo.

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, presha ya miaka mingi, moyo umetanuka. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) aliyopimwa Mbeya ilisoma EF, yaani sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma kila pigo, 28%, valvu hazina shida kubwa. Alirudishwa kwetu na furosemidi 40 mg asubuhi, enalaprili 5 mg mara mbili, spironolaktoni 25 mg mara moja na kavediloli 3.125 mg mara mbili. Alipotoka wodini alikuwa kilo 61, miguu imenywea kabisa. Wiki mbili baadaye kavediloli ikapandishwa hadi 6.25 mara mbili, kama barua ilivyoelekeza.

Leo ni siku ya tisa tangu ipandishwe. Kilo 64. Vifundo vya miguu vinabonyea, analalia mito miwili, na kilima cha kwenda kwake anakipanda kwa kusimama mara tatu. Presha 104/66 amekaa, 100/64 amesimama, hana kizunguzungu. Mapigo 58 kwa dakika, yanaenda kwa mpangilio. Mapafu yana unyevu kidogo chini, pande zote mbili. Mikono ina joto, anaongea vizuri, mkojo anapata.

Ninachouliza ni hiki. Niiache kavediloli? Dalili zimekuja baada ya kupandisha, na vitabu vya zamani vinasema beta-bloka (ukoo wa kavediloli, dawa zinazozuia adrenalini kwenye moyo) ni mwiko kwa moyo ulioshindwa. Halafu duka la dawa la jirani kavediloli imewaishia, wanataka kumpa atenololi 50 mg wakisema ni ukoo mmoja. Inafaa? Na mwisho, barua inasema ipandishwe hadi 25 mara mbili. Kwa presha hii tutafika kweli?

---

DaktariWaNgazi (magonjwa ya ndani, Mbeya)

Usiiache. Usiipandishe pia. Ibaki hapo hapo 6.25 mara mbili, umkaushe mama kwanza.

Maelezo yako yana sentensi moja inayoamua kila kitu: mikono ina joto, anaongea vizuri, mkojo anapata. Maana yake damu inafika inakotakiwa, shida ni maji yaliyojaa. Mgonjwa aliyejaa maji lakini ana joto hutibiwa kwa dawa ya kukojoza, beta-bloka inaendelea. Angekuwa wa baridi, yaani viganja kama barafu, presha ya juu iko chini ya 90, amechanganyikiwa au mkojo umekatika, ningekwambia simamisha na mtafutie gari la wagonjwa leo hii.

Furosemidi iwe 40 asubuhi na 40 nyingine saa nane mchana. Usimpe ya usiku, utamfanya akeshe akienda chooni kwenye baridi hiyo. Lengo ni apungue nusu kilo hadi kilo moja kwa siku. Siku ya tatu mpime: kama uzito haujashuka, asubuhi iwe 80. Kama bado, mpe ya sindano, kwa sababu utumbo uliovimba haunyonyi vidonge vizuri na mtu anaweza kumeza dozi kubwa isifike popote. Ni baada ya hapo tu, maji yakigoma, ndipo kavediloli inarudi 3.125 mara mbili. Kurudi hatua moja si kushindwa. Kukata ghafla ndiko kunakoleta balaa: mapigo yanaruka juu, presha inapanda, na moyo dhaifu unaweza kuingia kwenye mdundo wa kuua.

Pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) sasa, urudie baada ya wiki, kwa kuwa enalaprili na spironolaktoni ziko pamoja. Potasiamu ikizidi 5.5 kata spironolaktoni nusu, ikizidi 6 simamisha.

Kuhusu vitabu vya zamani: havikuwa vya kijinga. Beta-bloka kweli hupunguza nguvu ya kusukuma, na ukimpa mtu dozi kubwa siku ya kwanza unaweza kummaliza. Kilichokosewa ni kudhani kwamba adrenalini inayomwagika kwa wagonjwa hawa inawasaidia. Inawasaidia kwa siku chache. Ikikaa miezi, seli za misuli ya moyo zinakufa, vipokezi vya beta vinapungua, chumba kinazidi kutanuka, na midundo mibaya inajitokeza. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake huko Göteborg, Sweden, waliripoti wagonjwa saba waliopewa dawa hizi wakapata nafuu, na kwa miaka mingi wengi hawakuwaamini. Mjadala uliisha 1999. Jaribio la CIBIS-II lilikuwa na wagonjwa 2,647: waliopewa bisoprololi walikufa 156, waliopewa kidonge kisicho na dawa walikufa 228, na likasimamishwa kabla ya muda wake. MERIT-HF ya metoprololi ilitoka mwaka huo huo na jibu linalofanana. COPERNICUS ya mwaka 2001 ilifanya hivyo kwa kavediloli, tena kwa wagonjwa walio hoi.

Kwa hiyo mweleze mama waziwazi: wiki za kwanza anaweza kujisikia mzito na mchovu kuliko alivyokuwa, faida huanza kuonekana baada ya miezi miwili, mitatu. Asipoambiwa, ataiacha mwenyewe na wala hatakwambia.

---

MfamasiaKihesa (Iringa)

Habari za kazi, tabibu. Nijibu la atenololi kabla hajaimeza: hapana.

Ukoo mmoja, lakini tabia tofauti. Kwa moyo ulioshindwa wenye EF ndogo, zenye ushahidi wa kupunguza vifo ni tatu: kavediloli, bisoprololi, na metoprololi ya saksineti ile inayoachia dawa polepole. Nebivololi ina ushahidi wake kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Atenololi haina, propranololi haina. Tena atenololi 50 mg kwa mtu aliyekuwa kwenye kavediloli 6.25 ni kumrusha ngazi kadhaa kwa siku moja, na hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikiyumba inajikusanya mwilini.

Kavediloli ikikosekana, badilisha kwa bisoprololi. Vilele vyake, yaani dozi za juu za kulenga, vinalingana hivi: kavediloli 25 mara mbili ni sawa na bisoprololi 10 mara moja, na metoprololi ya saksineti 200 mara moja. Huyu wa 6.25 mara mbili anaangukia bisoprololi 2.5 mara moja kwa siku. Dozi inayofuata ya kavediloli ikifika saa yake, anameza bisoprololi badala yake. Hakuna haja ya kusubiri siku katikati.

Metoprololi inawachanganya wengi. Iko ya tatreti, kidonge cha kawaida cha mara mbili au tatu kwa siku, na iko ya saksineti. Jina kubwa kwenye boksi ni moja, neno tatreti au saksineti limeandikwa kwa herufi ndogo chini. Mwaka 2003 jaribio la COMET lililinganisha kavediloli na hiyo ya tatreti, na vifo vilikuwa 34% dhidi ya 40%. Kwa hiyo soma herufi ndogo. Saksineti ikiwa na mstari katikati unaweza kuikata vipande viwili, ila asitafune wala kusaga. Akisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwa saa moja.

Kukata vidonge kwa jumla: kavediloli 6.25 ikikatwa nusu inatoa 3.125 safi. Bisoprololi 2.5 nusu inatoa 1.25, ndiyo dozi ya kuanzia. Bisoprololi 5 kuigawa robo kwa wembe ni kubahatisha, robo moja inatoka unga na nyingine inatoka kipande. Mwombeni mfamasia akate nusu mbele ya mgonjwa, na asikate vya mwezi mzima kwa mpigo kwa sababu vinanyonya unyevu.

Muulizeni pia kama ameanza dawa za kifua kikuu. Rifampisini hushusha kavediloli kwenye damu kwa kiasi cha 70%. Kidonge anameza, dawa haipo. Na siku akimaliza rifampisini, dawa inarudi kwa nguvu zake zote ndani ya wiki chache, mapigo yanashuka, watu wanashangaa imetoka wapi.

---

Mzee_wa_ECG (Mbeya)

Mimi natofautiana kidogo na daktari, kwa heshima. Mapigo 58 kwenye 6.25 ni mapema mno. Wengi kwenye dozi hiyo bado wako 70 na kitu. Kabla ya kusema "iendelee", nataka kujua kama njia ya umeme wa moyo iko salama. Akiwa na kizuizi cha daraja la pili au la tatu na hana betri ya moyo, beta-bloka inasimama, hakuna mjadala. Kizuizi cha daraja la kwanza chenye PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini) inayopita sekunde 0.24 ni cha kuogopwa pia.

Halafu tafuteni mkono uliojificha. Digoksini amepewa? Amiodaroni? Verapamili au diltiazemu kwa ajili ya presha? Hizo mbili za mwisho hazikai kabisa na beta-bloka kwa moyo wa EF 28%. Na hii husahaulika kila mara: matone ya macho. Timololi ya presha ya macho ni beta-bloka, inapita kwenye kona ya jicho hadi puani na kuingia kwenye damu bila kupitia ini. Mgonjwa ukimuuliza "unatumia dawa gani nyingine" hatayataja, maana kwake dawa ni vidonge.

---

DaktariWaNgazi

Mzee yuko sahihi, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ipigwe kabla ya kupandisha tena. Ila kwa 58 yenye mpangilio na mtu asiye na kizunguzungu, sisimamishi leo kwa kusubiri karatasi. Mpaka wa kuchukua hatua ni chini ya 50, au mapigo ya polepole yanayoleta dalili.

Swali la presha lilibaki. 104 bila kizunguzungu si tatizo, ni namba tu. Kama angekuwa anayumba akisimama, ningeanza kuondoa visivyo na faida kwa moyo wake, mfano amlodipini au dawa nyingine za presha zilizobaki kwenye mfuko wa zamani. Pili ningetenganisha saa: kavediloli pamoja na chakula, enalaprili saa mbili baadaye. Tatu, kama amekauka kabisa, ningepunguza furosemidi. Kavediloli inashusha presha zaidi ya bisoprololi kwa sababu inafunga na vipokezi vya alfa kwenye mishipa, kwa hiyo kubadilisha kwenda bisoprololi nayo ni njia halali.

Kufika 25 mara mbili? Ngazi ni 3.125, 6.25, 12.5, 25, kila moja si chini ya wiki mbili. Anayezidi kilo 85 anaweza kwenda 50. Wengi wanaishia njiani, na 12.5 anayoimeza kila siku ni bora kuliko 25 iliyoko kwenye barua. Usipande ngazi akiwa amevimba. Wala usibadilishe dawa mbili siku moja, maana likitokea jambo hutajua umlaumu nani.

---

TabibuWaBaridi

Asanteni sana. Nimerudi kwake na maswali yenu, na majibu yake ndiyo haya.

Matone ya macho hana, digoksini hana, rifampisini hana. Lakini goti limekuwa likimuuma, na kwa siku kumi sasa anameza diklofenaki 50 mara mbili aliyonunua dukani. Chakula anasema ameacha chumvi "kabisa". Nilipouliza anapikaje, makande yanawekwa magadi ili yaive haraka.

---

MfamasiaKihesa

Basi mwizi amekamatwa, na si kavediloli.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya figo zishike chumvi na maji, hupunguza makali ya furosemidi na enalaprili, na zikikutana na spironolaktoni zinapandisha potasiamu. Siku kumi zinatosha kabisa kuleta kilo tatu. Iachwe leo. Goti apewe paracetamol, vidonge vya kawaida vya kumeza. Vile vya kuyeyusha kwenye maji vina sodiamu nyingi, hivyo navyo visimfikie.

Magadi ni sodiamu ile ile ya kwenye chumvi imevaa nguo nyingine. Mtu anaweza kuondoa kopo la chumvi mezani na bado akala sodiamu ya kutosha kupitia makande, maharage na mboga za majani zilizolainishwa. Mahindi na maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya.

---

SistaWaTukuyu (muuguzi, kliniki ya presha na moyo)

Ugonile nyote. Naongeza ya nyumbani, kwa sababu ndiko dozi hizi zinakofia.

Kilo 64 mlipima na nini? Huku kwetu na huko Njombe, mgonjwa anapanda mizani na sweta mbili, koti na khanga kiunoni, hiyo ni kilo moja na zaidi. Uzito uchukuliwe asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na nguo zile zile nyepesi. Kama nyumba ni ya sakafu ya udongo, mizani iwekwe juu ya ubao ulio sawa, vinginevyo sindano inacheza. Aandike kwenye daftari. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, aje hata kama anajisikia mzima, maana uzito hupanda kabla miguu haijavimba.

Mapigo mfundishe yeye na mtu mmoja wa nyumbani: vidole viwili chini ya kidole gumba, dakika nzima kwa saa ya simu, amekaa kimya dakika tano. Wasihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Chini ya 50, au kuzimia, au kupumua kwa shida usiku: waje. Wasiache dawa wenyewe njiani.

Kavediloli inamezwa na chakula chenyewe, uji mzito au ugali, si chai kavu. Chakula kinapunguza kasi ya dawa kuingia na presha haianguki ghafla. Akitoka kitandani akae kwanza ukingoni, hasa usiku. Ulanzi wakati wa masika unaongeza kizunguzungu, na pombe yenyewe inadhoofisha misuli ya moyo. Semeni nao bila kuwagombeza, la sivyo watakunywa na kuficha.

Mwezi wa sita na wa saba mtasikia malalamiko ya vidole vya mikono na miguu kuwa baridi. Ni dawa ikichanganyika na hali ya hewa. Kwa mtu wetu angalieni kwanza kama ni vidole tu au ni mikono hadi viwiko, pamoja na uchovu mpya na presha kushuka. Vidole tu: soksi na glavu. Mikono yote: soma tena aliyoandika daktari kuhusu mgonjwa wa baridi.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aambiwe kwamba sukari ikishuka hatahisi moyo kwenda mbio wala kutetemeka kama zamani. Jasho litabaki. Ajifunze kulitegemea jasho.

---

KakaWaMakete

Samahani kuingilia. Na wale wenye vifua? Kuna kina mama waliopikia kuni miaka arobaini ndani ya nyumba, wanakohoa na kifua kinalia. Moyo nao umeshindwa. Wengi wananyimwa beta-bloka moja kwa moja.

---

DaktariWaNgazi

Tenganisha mambo mawili. Pumu ya kweli, inayokuja na kuondoka tangu ujana na kufunguka kwa salbutamoli: usimpe kavediloli, kwa sababu inafunga beta-2 kwenye mirija ya hewa pia. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi, yaliyobana muda wote: huyo asinyimwe. Mpe bisoprololi 1.25 au metoprololi ya saksineti, ambazo huegemea beta-1 ya moyo, msikilize kifua baada ya wiki, ndipo upande.

Ila eko iangaliwe kwanza. Kwa wengi wa hao kina mama upande ulioshindwa ni wa kulia, kwa sababu ya mapafu, na wa kushoto una EF nzuri. Huko beta-bloka haina faida iliyothibitishwa. Vivyo hivyo kwa vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Valvu ya mitrali iliyobana ikiwa na mapigo ya kasi, beta-bloka inasaidia kwa kuupa moyo muda wa kujaa, lakini unalenga mapigo, hupandi ngazi hadi kileleni, na valvu inahitaji kufunguliwa, kwa hiyo rufaa iandikwe. Valvu ya aota inayovuja sana ni kinyume: ukipunguza kasi unarefusha muda wa damu kurudi nyuma, na mgonjwa anazidi kuzama.

---

TabibuWaBaridi

Mrejesho, siku ya sita. Diklofenaki imeachwa, magadi yameachwa, furosemidi 40 asubuhi na 40 mchana, kavediloli haijaguswa. Kilo 61.4 bila koti (sista, koti lilikuwa gramu 900). Analala na mto mmoja. Presha 108/68, mapigo 60. Potasiamu 4.9, kreatinini haijapanda. ECG: PR sekunde 0.18, hakuna kizuizi. Kesho furosemidi inarudi 40 mara moja.

Ngazi ya 12.5 nifungue lini?

---

DaktariWaNgazi

Akikaa wiki mbili kamili kwenye kilo 61 na furosemidi ya mara moja, uzito ukiwa umetulia kwenye daftari. Mpandishe siku ambayo anaweza kurudi kwako baada ya wiki moja, si siku ya kuamkia safari ya kwenda shamba.

---

MfamasiaKihesa

Na kabla ya kumwandikia 12.5, piga simu dukani uhakikishe wanazo za mwezi mzima. Kama wana za 6.25 tu, anameza mbili mbili. Mwandikie hivyo kwenye boksi, kwa maneno, na boksi la zamani alirudishe.